Bastola iliyofichwa inavyomchoma aliyeibeba, na kwa nini ukiona dalili usijione mjanja

Tafuta video yoyote ya Vladimir Putin akitembea, zile za kuingia ukumbini milango mikubwa inafunguliwa, alafu usiangalie sura angalia mikono. Wa kushoto unaenda mbele unarudi nyuma kama wa mtu yeyote. Wa kulia umetulia pembeni ya paja, hautikisiki. Madaktari wa mishipa ya fahamu walipoiona hiyo hali wakashtuka kidogo, maana mkono mmoja kukataa kuyumba wakati mtu anatembea ni moja ya dalili za mapema za ugonjwa wa Parkinson, wakaanza kuchimba wakiangalia video za YouTube kama mimi na wewe. Desemba 2015 wakachapisha walichokipata kwenye jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza, toleo la Krismasi, ambalo huwa linaruhusu utani kidogo ila hoja yenyewe walikuwa wanaimaanisha. Wakakuta Medvedev, aliyekuwa waziri mkuu wake wakati huo, naye anatembea hivyo hivyo, na mawaziri wawili wa zamani wa ulinzi wa Urusi, na kamanda mmoja mkubwa wa jeshi. Parkinson haiambukizi ofisini, kwahiyo lazima kuna kitu kingine. Wakapata kitabu cha mafunzo cha KGB, lile shirika la ujasusi la Usovieti ambako Putin alifanya kazi, kinachomwelekeza afisa kwamba akiwa anatembea silaha ikae karibu na kifua au kwenye mkono wa kulia na upande wa kushoto utangulie mbele kidogo, ili likitokea la kutokea asihangaike kuchomoa.

(Medvedev hakuwahi kuwa KGB. Labda alikuwa anamuiga bosi, wafanyakazi wote duniani tunaijua hiyo.)

Sasa angalia hapo kuna nini. Hakuna aliyesema Putin anaingia kwenye mkutano na mguu wa kuku kiunoni. Silaha haipo lakini alama yake imebaki mwilini. Na dalili nyingine zote za bastola iliyofichwa zina tatizo hilo hilo, zinakuambia kitu kuhusu mwili wa mtu na mazoea yake, alafu wewe ndo unaongezea bastola kichwani mwako.

Tuanze na zile zenye mantiki, kwa sababu mantiki ipo kweli. Bastola ni nzito. Glock 19, ambayo ni ya ukubwa wa kati na imejaa sana Marekani, ikiwa tupu ina kama gramu 600, ukijaza risasi 15 inakaribia gramu 850. Zile za zamani za chuma kitupu mtindo wa ile bastola inayoitwa 1911 zinapita kilo hata kabla hujaweka risasi. Weka pakiti ya sukari ya kilo moja ndani ya kiuno cha suruali, upande mmoja, alafu panda ngazi. Utaelewa mambo mengi bila kusoma kitabu chochote.

Kinachofanya mambo yawe wazi zaidi ni kwamba wanaobeba kihalifu wengi hawatumii mfuko wa bastola, ile ala inayofungwa kwenye mkanda. Sababu ni rahisi tu, polisi akitokea ghafla unataka uweze kuitupa chini ya gari na uendelee kutembea kama hujui kitu, sasa ukishakamatwa na ala tupu kiunoni utaeleza nini. Kwahiyo inachomekwa hivi hivi kati ya suruali na tumbo, au nyonga, au mgongoni. Na kitu kizito kilichochomekwa bila kufungwa kinateleza. Kila hatua kinashuka kidogo, kinazunguka kidogo, na mwenyewe anajua kikidondoka kwenye lami mbele za watu ndo mwisho wa habari, achilia mbali kwamba triga iko wazi na imeelekea sehemu ambayo hakuna mwanaume anataka risasi ipite. Ndo unaona ule mguso. Mkono unashuka kiunoni, unagusa au unasukuma kwa kiwiko au kwa ndani ya mkono, sekunde moja, unarudi. Mwenyewe mara nyingi hajui kama amefanya. Polisi wa Marekani wanaofundishana mambo haya wanaihesabu kama dalili nambari moja, na wanasema inakuja kwa wakati wake: mtu akitoka kwenye gari, akisimama kutoka kwenye kiti, akimaliza ngazi, akiruka mtaro, na zaidi ya yote gari la polisi likikata kona. Hapo mkono unaenda wenyewe kuhakikisha kitu bado kipo, kama vile sisi tukisikia sauti ya mtu anasema jamani wezi, wote mkono mfukoni kwenye simu. Yule mwizi aliyetulia pembeni ndo alikuwa anasubiri umuonyeshe simu iko mfuko gani.

Alafu kuna kukimbia. Mtu anayekimbia kawaida mikono yote miwili inafanya kazi, lakini mwenye bastola kiunoni bila ala mkono mmoja unabana pale pale mwilini, anakimbia nusu. Ni dalili ngumu kuificha kwa sababu huwezi kuchagua, ukiiachia inadondoka. Na jaketi nalo linasema. Likiwa na chuma mfuko wa kulia linaning'inia upande mmoja chini kuliko mwingine, upepo ukipuliza upande wa kushoto unapeperuka wa kulia umegoma, na mwenyewe akigeuka haraka ule upande mzito unachelewa kidogo alafu unapiga paja. Begi la mkanda begani hivyo hivyo. Wanawake wanaobeba ndani ya mkoba wana la kwao, mkoba hauwekwi chini hata wakiwa wamekaa kwenye kiti na mkono hautoki juu ya zipu, ila hapo sasa kila mwanamke niliyewahi kukaa naye kwenye daladala atakuwa jambazi sugu.

Kuna kitu cha kugeuza mwili. Wengi wetu tunatumia mkono wa kulia kwahiyo bastola nyingi ziko upande wa kulia, na mtu akiongea na polisi, au akipita kwenye umati, upande ule anaurudisha nyuma kidogo bila kufikiri, bega la kushoto linakuwa mbele. Akikumbatiwa anatanguliza mkono wa juu ili usije ukazungushwa kiunoni kwake. Nguo nazo, shati kubwa juu ya tisheti linaloachwa bila vifungo, koti mwezi wa Julai kule Texas jua linawaka mpaka lami inalainika. Na ule mchoro, yaani umbo la kitu kutokea kwenye kitambaa mtu akiinama kuokota kitu au akinyoosha mkono rafu ya juu dukani.

Cha kuchekesha ni kwamba askari kanzu wana dalili zile zile, na pengine wanazo zaidi. Mtu aliyevaa mkanda wa kazi miaka kumi anasimama mikono imeachia mwili kidogo, kiwiko cha kulia kinakaa juu ya kitu ambacho leo hakipo, na kwenye foleni upande ule anaupeleka ukutani mbali na watu. Ndo maana mtaani kwetu, iwe Manzese iwe Eastleigh, askari kanzu akiingia wauza karanga wanamjua kabla hajafika kona. Amevaa jezi ya timu, amevaa kandambili, haisaidii.

Mpaka hapa unaona kama ni sayansi kabisa. Ngoja.

Kesi iliyofungua mlango wa haya yote Marekani ilianzia Cleveland, Ohio, mchana wa tarehe 31 Oktoba 1963. Mpelelezi mmoja, Martin McFadden, alikuwa na miaka 39 kwenye jeshi la polisi na miaka 30 hivi ya kuzunguka eneo lile lile la katikati ya mji akitafuta wezi wa madukani na wa mifukoni. Akaona vijana wawili wamesimama kona ya barabara ya Euclid. Mmoja anatembea anapita duka moja, anachungulia dirishani, anasogea mbele, anarudi, anachungulia tena, anaenda kunong'ona na mwenzake. Alafu mwenzake naye anafanya hivyo hivyo. Wakapokezana jumla kama mara kumi na mbili, akaja mtu wa tatu wakaongea akaondoka. McFadden akaona hawa wanapanga kuvamia duka, akawafuata hadi walipokutana tena na yule wa tatu, akawauliza majina, wakajibu kwa kuguna. Akamshika mmoja, John Terry, akamgeuza, akampapasa juu ya koti, akasikia bastola kwenye mfuko wa kifuani upande wa kushoto. Akajaribu kuitoa ikagoma, ikabidi amvue koti lote. Wa pili akamkuta nayo. Wa tatu hakuwa na kitu.

Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 8 kwa 1, ikasema alichofanya ni halali: polisi akiwa na shaka yenye msingi, anayoweza kuieleza kwa mambo mahsusi aliyoyaona, anaweza kumsimamisha mtu, na akiwa na sababu ya kuamini ana silaha anaweza kumsachi kwa juu juu. Miaka tisa baadaye, kwenye kesi ya Mimms ya Pennsylvania, mahakama hiyo hiyo ikasema uvimbe chini ya jaketi unatosha kuwa sababu. Basi ikawa hivyo, mwili wa mtu umekuwa ushahidi.

Lakini soma tena hadithi ya McFadden polepole. Hakuona uvimbe wowote, wala mguso wa kiunoni, wala koti linaloning'inia, bastola ilikuwa kifuani ndani ya koti la baridi ambapo hakuna jicho lingeiona. Alichoona ni watu wanachungulia duka moja mara kumi na mbili. Na alipoulizwa mahakamani ni nini hasa kilimvutia kwao mwanzoni kabisa, jibu lake lilikuwa hawakumkalia sawa machoni, basi. Mzee wa miaka 39 kazini, na kitu cha kwanza kabisa hakuweza kukitaja. Kwa hiyo watu walichokichukua kutoka kwa McFadden wakakiweka kwenye fomu ya kutiki visanduku, sijui kama McFadden mwenyewe alikuwa nacho.

Fomu yenyewe ilikuwepo, New York. Polisi wa pale walikuwa wanasimamisha watu na kujaza karatasi yenye visanduku, kimoja kimeandikwa uvimbe wa kutia shaka, kingine mienendo ya kificho, na kadhalika. Kati ya Januari 2004 na Juni 2012 walisimamisha watu mara milioni 4.4. Zaidi ya nusu walisachiwa, kama milioni 2.3. Na kwenye hizo sachi, asilimia 98.5 hakukutwa silaha ya aina yoyote, hata kisu. Takwimu hizi zilitoka mahakamani, kwenye kesi ya David Floyd (siyo yule George) dhidi ya jiji la New York, na jaji Shira Scheindlin alipotoa hukumu Agosti 2013 akasema utaratibu ule umevunja katiba. Mapema zaidi kwenye kesi hiyo hiyo alikuwa ameshapiga hesabu moja ambayo naipenda kwa ukavu wake: alichukua idadi ya mara ambazo polisi walitiki kisanduku cha uvimbe wa kutia shaka, akaiweka mbele ya bunduki zote zilizopatikana, akapata kwamba kwa kila watu 69 waliosimamishwa kwa sababu ya uvimbe ilipatikana bunduki moja. Na hiyo ni kama unawapa polisi faida yote ya mashaka, unahesabu kila bunduki kana kwamba uvimbe ndo ulioileta.

Wale 68 walikuwa na nini? Pengine simu, pochi, funguo za nyumba, mkanda wenye bizimu kubwa, chupa ya maji, pampu ya insulini ya mgonjwa wa kisukari, mfuko wa haja kubwa wa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, henia. Mienendo ya kificho nayo polisi walipoulizwa waieleze chini ya kiapo, mmoja akasema ni mtu kubadilisha mwelekeo au kutembea kwa namna fulani, mwingine akataja kuhangaika hangaika, kuangalia nyuma na mbele, kurekebisha mkanda. Kurekebisha mkanda! Mimi suruali zangu zote zinashuka.

Tatizo siyo kwamba polisi ni wajinga, na hapa ndo watu wengi wanapotea, wanadhani dalili ikiwa ya kweli basi ukiiona umempata mtu. Tufanye hesabu ya kubuni tu. Mtaani kuna watu 1,000, kati yao 10 wana bastola. Wewe una jicho kali sana, kati ya hao 10 unawaona 8. Na kwa wasiokuwa nayo unakosea mara chache, watano tu kwa kila mia. Unaonekana bingwa si ndiyo? Sasa watano kwa kila mia kwenye watu 990 ni karibu 50. Umenyooshea kidole watu 58, nane tu ndo wanayo. Jicho lako halijabadilika, kilichokuangusha ni kwamba wasiobeba ni wengi mno, na kila mmoja ana kiuno, ana mkanda, ana siku anayotembea vibaya kwa sababu kiatu kinambana. Ukienda sehemu ambayo wanaobeba ni wengi hesabu inapanda, ukienda sehemu ambayo karibu hakuna anayebeba, kama mitaa mingi ya kwetu, dalili hizo hizo zinakuwa karibu bure.

Viwanja vya ndege walishalipia somo hili kwa bei kubwa. Shirika la Marekani linalokagua abiria, TSA, lilisambaza maafisa wa kusoma tabia za watu kwenye foleni, na kuanzia 2007 likatumia kama dola milioni 900. Novemba 2013 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ikapitia tafiti zilizokuwepo ikasema uwezo wa binadamu kutambua mtu anayedanganya kwa kumwangalia mwili ni sawa na kubahatisha, au unazidi kidogo tu. Ndo maana mpaka leo pale mlangoni kwenye mall zetu mlinzi anakupitishia kile kijiti cha kukagua chuma, hakuangalii unavyotembea. Chuma kinagundua chuma, hakina maoni.

Na kosa halisambai sawasawa kwa watu wote. Kule New York kati ya waliosimamishwa asilimia 83 walikuwa weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakati makundi hayo mawili pamoja yalikuwa kama nusu ya wakazi. Ukienda kwenye silaha zilizokutwa, waliosimamishwa wakiwa weusi asilimia 1.0 walikuwa na silaha, Walatino 1.1, wazungu 1.4. Yaani mzungu ilibidi awe na dalili kweli kweli ndo asimamishwe, mweusi akigusa mkanda imetosha.

Tarehe 4 Februari 1999, usiku, kwenye mlango wa nyumba aliyokuwa anaishi mtaa wa Wheeler kule Bronx, kijana wa Guinea anaitwa Amadou Diallo, mmachinga wa kuuza vitu barabarani, alifuatwa na polisi wanne waliovaa kiraia. Walikuwa wa kikosi maalum ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kuondoa bastola mitaani, watu waliozoeshwa kuangalia viuno na mikono. Diallo akaingiza mkono mfukoni, akatoa pochi. Wakapiga risasi 41, zikampata 19. Hakuwa na silaha. Polisi wote wanne waliachiwa huru na baraza la mahakama mwaka uliofuata. Kikosi chenyewe kilivunjwa 2002.

Kuna jambo lingine limebadilika na makala nyingi za dalili za bastola zinajifanya hazijui. Zamani New York, tangu sheria ya Sullivan ya 1911, kubeba bastola ya kuficha bila kibali ilikuwa kosa na kibali chenyewe kukipata ni shughuli, kwahiyo ukiona bastola kiunoni kwa raia karibu moja kwa moja umeona kosa. Juni 2022 Mahakama ya Juu ikabomoa sharti kwamba mtu aeleze sababu maalum ndo apewe kibali. Na zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani sasa mtu mzima asiye na zuio la kisheria anabeba bila kibali chochote. Huko hata ukiwa na jicho la McFadden na ukapatia asilimia mia, ulichokigundua ni mtu anayefanya jambo halali, pengine ni mwalimu wa hesabu anaenda kununua maziwa. Anagusa kiuno, anageuza bega, shati limemvimba, dalili zote anazo.

Kwa ndugu zetu walioko kule hili ni la vitendo kabisa. Philando Castile alikuwa na kibali, na alipokuwa anasimamishwa na polisi ndani ya gari Minnesota, tarehe 6 Julai 2016, alimwambia polisi kwa adabu kabisa kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alikuwa amefyatuliwa risasi saba, tano zikampata, mbele ya mchumba wake na mtoto mdogo kwenye kiti cha nyuma. Polisi alisema alidhani anaichomoa. Kwahiyo wanasheria wa kule wanachokisisitiza ni mikono: juu ya usukani, vidole wazi, taa ya ndani iwashwe kama ni usiku, na usifungue droo ya gari kutafuta karatasi hadi uambiwe, hata kama humiliki hata manati. Na kama unamiliki, ujue sheria ya jimbo ulilopo usiku huo, siyo ya jimbo unaloishi, maana zinatofautiana mpaka zinachosha. Michigan lazima useme mwenyewe papo hapo bila kuulizwa. Vuka mpaka uingie Ohio, tangu Juni 2022 unalazimika kusema polisi akikuuliza tu.